Vidole Vinane vya Bi Kiraka

Vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Bi Kiraka viliondoka Jumanne moja asubuhi, jua likiwa limeshapanda, vikiwa mdomoni mwa birika. Birika mwenyewe alivitema palepale chini ya fuawe, akasema, "Samahani, fundi. Si mimi, ni wimbo." Bi Kiraka akaufunga mkono kwa kitambaa cha kufutia masizi, akamaliza kuziba tobo la Birika kwa vidole vilivyobaki, ndipo akaenda kutibiwa. Daktari alipomuuliza kwa nini hakuja mara moja, alijibu, "Risasi ya kuzibia ilikuwa imeshayeyuka, daktari. Ningeiacha igande?"

Ukitaka kumjua mwanamke huyu, anzia hapo.

Mnajua wenyewe ilivyo. Chombo kikiimbwa na watoto mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi, huamka. Si kila chombo. Vijiko mia vitalala kwenye kabati mpaka vioze, lakini yule mmoja aliyeimbwa ataamka asubuhi na kuuliza nani kamlaza kifudifudi. Akishaamka, anaamka na tabia aliyopewa na wimbo, hana nyingine. Na watoto wetu, Mungu awatunze, hawaimbi mambo ya upole. Wasikilizeni siku moja wakicheza. Kila ubeti kuna mtu anang'atwa, anatwangwa, anatumbukizwa kwenye maji ya moto, nao wanacheka mpaka wanajishika mbavu.

Wimbo wa Birika, kwa mfano, ni huu:

*Birika kachemka, mdomo kachongoa,*
*mwenye mkono mrefu — kidole atang'oa!*

Sasa chombo cha namna hiyo kikitoboka, utakipeleka kwa nani? Mafundi wengi watakuambia wana udhuru. Bi Kiraka hakuwa na udhuru. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu kinachotazama barabara: fuawe katikati, jiko la mkaa na mivukuto pembeni, mikasi ya bati imetundikwa ukutani kwa ukubwa wake, na vigoda vifupi vinne. Viti virefu hakuweka. Sababu yake mtaiona.

Ufundi huu aliurithi kwa baba yake, na siri yake ni rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Chombo cha wimbo hukishiki kwa koleo, unakishika kwa wimbo wake. Unauimba mpaka katikati, halafu unanyamaza. Chombo kinaganda. Kinangoja. Hakiwezi kwenda mbele kwa sababu mstari wake haujaisha, na hakiwezi kurudi nyuma kwa sababu umeshaanza. Katika kimya hicho ndimo fundi anamochoma, anamogonga, anamoziba. Mstari ukiisha kabla kazi haijaisha, chombo kinafanya kilichoimbwa. Dawa ni moja tu: kuuanza wimbo upya, tangu neno la kwanza, kwa sauti isiyotetemeka. Hapo chombo hurudi mwanzo na kungoja tena.

Tatizo ni kwamba nusu ya wimbo inawasha kama upupu. Kila anayeisikia anataka kuimalizia. Jirani akipita, mteja akibisha, mtoto akikimbiza tairi, mdomo unamponyoka. Ndiyo maana baba yake alisema kazi hii ni ya watu wawili: mmoja ashike nyundo, mwingine ashike wimbo. Mwenye nyundo alikuwa binti mkubwa, Bi Kiraka. Mwenye wimbo alikuwa binti mdogo, ambaye baba yake alimwita Kinanda, na jina likamganda. Kinanda aliketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, masikio nje, macho ndani. Akisikia hatua za mtu barabarani, alirudi mwanzo wa wimbo upesi na kwa sauti kubwa, hata mpita njia asipate pa kuchomekea neno lake. Miaka tisa walifanya kazi hivyo, na hakuna aliyepoteza hata ukucha.

Kisha Kinanda akaolewa na mwenye bucha la barabara ya pili.

Mtaa mzima ulimwita Bucha, naye aliitikia. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, mwenye utani na kila mteja. Akina mama walipanga foleni kwake wakicheka. Nyumbani alipofika na kufunga mlango, ucheshi aliuacha nje pamoja na viatu. Siku ya kwanza aliposikia mkewe akiimba huku akiosha sinia za nyama, alimwambia, "Nyumba yangu si karakana." Siku ya pili hakusema, alipiga. Akampiga kwa kiganja, baadaye kwa mkanda, baadaye kwa chochote kilichokuwa karibu. Mwaka wa nne alimvunja mbavu. Mwaka wa saba alimkaba kwa mkanda wa suruali kwa sababu alivuma wimbo, kuvuma tu, mdomo umefumbwa, mpaka kitu ndani ya koo kikalia kama kijiti kikavu. Tangu siku hiyo Kinanda aliongea kwa mnong'ono.

Alipomtembelea dada yake alikuwa na maneno yaleyale.

"Niliteleza bafuni, dada."

"Bafu lenu linavaa pete?" Bi Kiraka aliuliza, maana alama ya pete ilikuwa imejichora vizuri shavuni.

Siku moja Bi Kiraka alikwenda buchani na kumwambia shemeji yake alichokuwa nacho moyoni, mbele ya wateja. Bucha alimsikiliza kwa adabu zote. Akamfungia kilo moja ya nyama laini, akampa kwa mikono miwili, akasema, "Shemeji, umefanya vizuri kunionya." Siku ya pili yake Kinanda alikuwa hana meno mawili ya mbele. Bi Kiraka aliitupa ile nyama, na akajifunza kwamba kila neno atakalosema yeye, mdogo wake ndiye atakayepigwa kwalo. Akanyamaza miaka minne. Kwa mtu wa ulimi kama wake, kunyamaza kule kulikuwa sawa na kumeza makaa.

Tangu mdogo wake aolewe alishika nyundo na wimbo peke yake, na hapo ndipo alipokosea kosa la mtu mwenye mdomo mmoja. Asubuhi ile ya Jumanne aliimba nusu ya wimbo wa Birika, kisha akang'ata ribiti tatu, vile vipini vya kuungia bati, kati ya meno kama mafundi wafanyavyo, ili mikono yote iwe huru. Mtoto wa shule akapita dirishani. Akasikia kimya kinawasha. "*Kidole atang'oa!*" akaimba, akaenda zake akirukaruka. Bi Kiraka akafungua mdomo auanze wimbo upya, zikatoka ribiti.

Birika hakuondoka tena baada ya hapo. Alisema ana deni la vidole viwili, na atakaa jikoni mwa karakana achemshe maji mpaka aone limepungua. Alikuwa na mdomo mchafu lakini moyo mzuri, ikiwa birika ana moyo.

Sasa tusogee mbele mpaka siku yenyewe.

Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Mama mtwangaji wa viungo alikuwa ameleta Kinu chake kwa mkokoteni, kimepasuka kutoka mdomoni mpaka kitovuni. Kinu huyu alikuwa wa wimbo, mzee, mweusi kwa mafuta ya karafuu na pilipili manga. Mumewe Mchi alimfuata nyuma akidundadunda juu ya lami, wa mti mgumu, mrefu kama mwanamume, kichwa kimelainika kwa kazi.

"Sikukusudia," Mchi alikuwa akisema njia nzima.

"Hukusudii kila siku, bwana," Kinu alijibu. "Leo umefaulu tu."

Wimbo wa Mchi mnaujua, hakuna asiyeujua. Watoto huzunguka duara wakiimba:

*Mchi, mchi, bwana mchi, umekuja na nini?*
*Nimekuja na kishindo, nimtwange nani?*

Hapo wananyamaza, wanatazamana, mioyo inadunda. Kisha mmoja anapiga kelele: *Aliyesimama!* Wote wanachuchumaa, na atakayebaki wima anatwangwa kwa ngumi:

*Goti moja, goti mbili,*
*kiwiko tatu, kiwiko nne,*
*bega tano, bega sita,*
*ya saba kichwani, pwa!*

Mnaona sasa kwa nini karakana ile haikuwa na kiti kirefu. Mama mtwangaji aliacha mali yake mlangoni, akaenda kungojea ng'ambo ya barabara. Fundi mwenyewe alifanya kazi ameketi. Mchi angeweza kutulia vizuri tu, lakini mtu akimgusa Kinu na Kinu akapiga kelele, Mchi hupandwa na wimbo wake, na hapo hajui fundi wala adui. Lazima ashikwe. Na sheria ya mji iko wazi: chombo kikiua mtu huchomwa moto, karakana kilimoulia hufungwa, na fundi wake hashiki nyundo tena maisha yake.

Bi Kiraka alikuwa amepima pete ya chuma ya kumfunga Kinu kiunoni. Pete ya namna hiyo huvishwa ikiwa nyekundu, humwagiwa maji, hujikunja ghafla na kuubana ufa ukafumba. Aliizika ndani ya mkaa na kuanza kuvuta mivukuto. Ndipo kivuli kikaingia mlangoni, akamwona mdogo wake.

Mkono wa kulia wa Kinanda ulikuwa ukining'inia kama si wake. Jicho moja limefumba. Gauni lilikuwa na damu kuanzia kola mpaka mapajani, na hakuwa na viatu.

"Dada," alinong'ona, "safari hii alichukua panga. Aligeuza ubapa. Kesho hatageuza."

Bi Kiraka hakulia. Alimketisha kwenye kigoda kilekile cha zamani karibu na mlango, akamfunga mkono kwa vipande viwili vya mbao na utepe.

"Umemwambia unakuja hapa?"

"Nitakwenda wapi kwingine? Anajua."

"Basi atakuja. Akija, wewe usisimame. Hata akikuvuta nywele, usisimame."

Kinanda alimtazama Mchi aliyeegemea ukuta, akaelewa nusu. Hakuuliza nusu ya pili.

Kinu akamsemesha Kinanda. "Mwanangu, na wewe una mchi nyumbani?"

"Ninaye."

"Pole. Lakini mimi nilichongwa nitwangwe. Nimetobolewa katikati kwa kazi hiyo. Wewe nani alikuchonga hivyo?"

Birika akapiga mluzi mdogo jikoni, akasema, "Akiingia hapa anipe kidole kimoja tu. Kimoja. Nitapunguza deni."

"Nyamaza wewe," alisema Bi Kiraka, na akaimba kwa Mchi, polepole, mpaka *nimtwange nani*. Akakata. Mchi akaganda ukutani, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Kisha fundi akaketi, akashika nyundo, na kungoja chuma kiive.

Bucha hakubisha hodi. Aliingia na aproni yake ya kazini, panga mkononi, na tabasamu la dukani bado liko usoni.

"Shemeji! Habari za asubuhi? Nimekuja kuchukua mzigo wangu."

"Habari nzuri, shemeji. Keti."

"Siketi. Nina wateja."

"Keti kidogo, shemeji. Nakuomba. Humu ndani watu wote wanaketi."

Mtazameni hapo huyo mwanamke. Alimwambia mara mbili, na angemwambia tena. Watu wamemuuliza sana baadaye, na jibu lake ni hilohilo: nilimwambia aketi.

"Kwenye vibao hivi vya kukamulia ng'ombe?" Bucha alicheka. Akamgeukia mkewe. "Inuka."

Kinanda hakuinuka. Bucha akaushika ule mkono uliofungwa mbao, akauvuta. Sauti aliyotoa Kinanda haikuwa ya mnong'ono. Birika akaruka kutoka jikoni na maji yake yote yanayochemka, akamlenga. Bucha akampiga teke hewani, Birika akagonga ukuta na kubonyea ubavu mzima, maji yakamwagika juu ya sakafu. Bi Kiraka akarusha nyundo kutoka pale alipoketi. Ikampata Bucha mbavuni. Pumzi ikamkatika, akamwachia mkewe, akamjia fundi na kumpiga mdomoni kwa ubapa wa panga.

Meno matatu. Bi Kiraka alianguka chali kati ya fuawe na jiko, mdomo wa juu umechanika mpaka puani. Bucha akaangusha rafu moja ya ukutani, vikaanguka vyungu, vifuniko, mikasi. Akakikanyaga kigoda kikavunjika. Akampiga Kinu teke kwenye ufa, Kinu akapiga ukelele wa mti unaopasuliwa, na ukutani Mchi akatetemeka, akatetemeka, lakini hakuondoka. Mstari wake ulikuwa haujaisha.

"Mmezoea kunidharau," alisema Bucha, sasa bila tabasamu. "Familia nzima. Leo nitawakatakata muwe mafungu, nichanganye, hata atakayewazika asijue nani ni nani." Akageuza panga. Safari hii makali yalitazama chini.

Pale sakafuni Bi Kiraka alijiinua akaketi. Alitema damu na jino. Akaanza kuimba. Haikuwa sauti nzuri, na maneno yalivuja mahali meno yalipokuwa, lakini wimbo ulijulikana:

*Mchi, mchi, bwana mchi, umekuja na nini?*
*Nimekuja na kishindo, nimtwange nani?*

Akanyamaza. Akamtazama shemeji yake.

Kimya kikaingia chumbani kama mtu wa nne. Kinawasha. Kinawasha vibaya. Bucha alisimama, panga juu, na tabasamu likamrudia, si la dukani sasa, ni la utotoni.

"Unaniimbia mimi mchezo wa watoto? Mimi? Hakuna aliyenishinda mchezo huo mtaani kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga ya saba, waulize walioota manundu! Nimtwange nani?" Akacheka kwa nguvu. "*Aliyesimama!*"

Chumbani mle waliokuwa chini ni Bi Kiraka, Kinanda, Birika aliyelala ubavu, na Kinu. Aliyesimama alikuwa mmoja.

Mchi aliondoka ukutani bila haraka. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa na mstari wa kumaliza. *Goti moja.* Goti la kushoto la Bucha lilikwenda nyuma, upande ambao magoti hayaendi. Alikuwa hajaanza kupiga kelele lilipofuata la pili. *Goti mbili.* Akaporomoka. Panga likaruka, likachoma mfuko wa mkaa.

"Sasa ameketi," alisema Birika kutoka sakafuni.

"Kachelewa," alisema Kinu.

*Kiwiko tatu.* Bucha aliunyanyua mkono kujikinga, kwa hiyo kiwiko kilipondwa hewani, na mfupa ukatoka nje mweupe kama ule anaoupasua kila siku kwa wateja. *Kiwiko nne.* Alijaribu kutambaa kuelekea mlangoni kwa tumbo. Damu ilikuwa imechanganyika na maji ya Birika, akateleza palepale kama samaki juu ya meza. Barabarani watu walikuwa wamejaa, mama mtwangaji mbele yao, na hakuna aliyethubutu kuvuka kizingiti. Wengine walikuwa wamechuchumaa bila kujua, kama watoto.

Hapo Bi Kiraka alikumbuka ya saba. Alikuwa ametaka Bucha avunjike. Hilo hakulikana siku yoyote. Lakini ya saba ni kichwani. Ya saba ni Mchi kuchomwa, Kinu kubaki mjane mwenye ufa, karakana ya baba kupigwa misumari mlango, na mdogo wake kuburutwa barazani kama mke aliyepanga kumuua mume. Akafungua mdomo auanze wimbo upya. Damu ikajaa. "Mshi," alisema. "Mshi, mshi..." Sauti ilitetemeka, mdomo uliochanika haukushika tuni. Mchi hakumsikia.

*Bega tano.* Lilisikika mpaka nje.

"Kinanda," alisema Bi Kiraka. "Kinanda. Imba."

Kinanda alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mkono wake uliovunjika mapajani. Alimtazama mumewe. Miaka minne hakuwa ameimba, na mwenye kuiondoa sauti yake alikuwa pale chini, magoti na viwiko vimegeuka unga. Sijui aliwaza nini, na sitajifanya najua. Najua tu kwamba hakuharakisha.

Bucha aligeuza shingo, kitu pekee kilichobaki kugeuka. Akamwona. Akaelewa nani ameshika nini.

"Imba," alisema. "Mke wangu. Imba. Nakuomba, imba!"

*Bega sita.*

Mchi akapanda juu kwa ajili ya ya saba. Alipanda mpaka akagusa dari, vumbi likadondoka, akaanza kushuka.

Ndipo Kinanda akaimba. Sauti ilitoka imekwaruzika, kama bawaba iliyokaa miaka bila mafuta, na kwenye neno la pili ilikatika, watu wakafumba macho. Lakini neno la tatu lilisimama. *Bwana mchi, umekuja na nini?* Halikutetemeka. Mchi akasimama hewani, upana wa kiganja juu ya paji la uso la Bucha. *Nimekuja na kishindo, nimtwange nani?*

Akakata.

Nje mtu mmoja alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Jibu lake linajulikana," alinong'ona Kinanda, na karakana ile ilikuwa kimya hata mnong'ono ulifika barabarani. "Nimelishika ulimini. Sasa waambie hawa watu, una mke?"

"Kinanda..."

"Ulimi wangu unawasha, mume wangu."

"Sina!" alilia Bucha. "Sina mke! Nimekuacha! Mmesikia? Nimemwacha!"

"Tumesikia," alisema mama mtwangaji kutoka nje, amechuchumaa. "Wote tumesikia."

Kinanda akaanza wimbo upya, akauimba mara tatu mfululizo, polepole, na kila mara Mchi alirudi nyuma hatua, mpaka akaegemea ukuta mahali pake. Wanaume wanne wakaingia kwa kutambaa, wakamvuta Bucha kwa aproni yake, wakampakia kwenye mkokoteni uleule uliomleta Kinu. Aliishi. Polisi walikuja, wakauliza nani alimaliza wimbo, na watu thelathini wakajibu kwa mdomo mmoja: mwenyewe. Viungo havikurudi. Siku hizi nduguye ndiye anayekata nyama, na yeye huketi kwenye kiti nyuma ya kaunta. Watoto wakipita wakiimba wimbo ule, huinamisha kichwa mpaka wapite.

Lakini nimerukia mbele, na kuna jambo sijamaliza. Mkokoteni ulipoondoka, majirani waliingia na pamba na maji, wakamwambia Bi Kiraka twende hospitali, mdomo wako umekaa vipande viwili.

Aliwasukuma. Alionyesha jikoni. Pete ilikuwa bado ndani ya mkaa, imekuwa nyekundu ya kupitiliza.

"Itaungua," alisema, kwa kadiri ilivyoeleweka.

Wakatolewa nje wote. Kinanda akaketi karibu na mlango, masikio nje, macho ndani, akauanza wimbo. Bi Kiraka akaitoa pete kwa koleo, akamvisha Kinu kiunoni, mti ukatoa moshi, Kinu akapiga kelele, na Mchi hakutikisika hata unywele. Mpita njia mmoja alikaribia akiwa na neno mdomoni. Kinanda alikuwa ameshalifunika kabla halijatoka. Maji yakamwagwa, chuma kikalia, ufa ukafumba.

"Fundi," alisema Kinu alipopumua, "huyu bwana wangu naye, wimbo wake hauwezi kupunguzwa hata pigo moja?"

"Ongea na watoto," alisema Kinanda.

Birika alinyooshwa ubavu wiki iliyofuata. Alijitangaza kuwa amelipa, maana alipigwa teke kwa ajili ya nyumba, na hakuna aliyembishia. Kigoda kilichovunjika kilitengenezwa. Mdomo wa Bi Kiraka ulishonwa ukabaki na kovu, na pengo la meno matatu linamfanya apige mluzi bila kutaka anaposema neno lolote lenye S. Karakana inafunguliwa saa mbili kila siku, dada kwenye fuawe, mdogo mtu mlangoni. Ni mwaka wa sita sasa. Vidole ni vinane, na havijapungua.